Somo la Kuharibu

Nikifikiria Malaba, kitu cha kwanza kunijia masikioni ni paipu ikigonga meza. Kilikuwa kipande cha paipu nyeusi ya maji, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na mwenye chuo alitembea nacho kati ya kompyuta tangu asubuhi hadi tunapofunga. Mwanafunzi akibonyeza kitufe kisichotakiwa, paipu ilishuka mezani karibu na vidole vyake. Siku nyingine ilishuka juu ya vidole. Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima, wengine wakiwa na watoto sekondari, lakini waliruka kwenye viti, kisha wakacheka kwa aibu huku wakipuliza mikono.

"Mimi nilifundishwa hivi, na sasa niko na chuo," mwenye chuo aliwaambia. "Nyinyi mko na nini?"

Tulimwita Mkuu. Zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Wateso, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini aliacha. Chuo chake kilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi za saruji zisizo na kishikio. Dirisha liliangalia foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda.

Wiki niliyoanza kazi pale, mtu mmoja alikamatwa chini ya dirisha akinyonya dizeli kwenye tangi la lori. Madereva na watu wa boda boda walimpiga kwa mawe, kwa spana ya magurudumu na kwa mtungi wake mwenyewe. Mkuu alisimamisha somo ili tuone.

"Angalieni vizuri," alisema. "Huyo naye alibonyeza kitufe kibaya."

Wengine walicheka. Polisi walipofika walimbeba yule mtu kwa mikono na miguu wakamtupa nyuma ya gari lao. Kandambili yake moja ilibaki kwenye damu, na foleni iliposogea, lori la kwanza likaipanda.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwenye kuzunguka kwangu. Nilizaliwa Sio Port, nikamaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mahali nikatulia. Nikiwa Kitale nilitamani Jinja, nilipofika Jinja nikaota Juba, na Juba kwenyewe nilikuwa nikiamka na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, inayokauka mchangani, harufu ya nyumbani, wakati hakukuwa na ziwa popote. Huko Juba nililinda mlingoti wa simu. Fundi aliyekuja kuuhudumia alinifundisha kompyuta ili nisilale zamuni, na kwa kuwa mausi yake ilikuwa imekufa kwa vumbi, alinifundisha ile programu isiyohitaji mausi. Ndiyo iliyonipa kazi Malaba miaka mingi baadaye.

Ni programu ya kuandika na kusahihisha maandishi. Skrini yake ni nyeusi tupu. Ofisi za klaringi, zile zinazoandaa karatasi za mizigo ipite forodhani, zilikuwa zimeanza kuitaka, kwa sababu faili zao ni ndefu na kompyuta zao ni kuukuu, nayo hufungua faili ndefu kabla hujameza mate. Lakini humtisha mgeni. Ukiifungua na kuanza kuandika, haiandiki. Mwanzoni kila herufi ni amri. Ukibonyeza x, inafuta herufi moja. Ukibonyeza d mara mbili, mstari mzima unatoweka. Mpaka ubonyeze i kwanza ndipo ikubali uandike, na ukimaliza kuandika lazima utoke kwenye hali hiyo kabla ya kutoa amri nyingine. Mtu aliyezoea simu huanza kuandika jina lake akaona maneno ya wenzake yanaliwa.

Programu ilikuja na somo lake la kuanzia. Somo lenyewe ni faili. Unasoma maelezo, halafu unakuta mstari wenye makosa na chini yake mstari ulio sawa, na papo hapo, ndani ya somo, unasahihisha wa juu ufanane na wa chini. Kila ukifungua, unapewa nakala mpya, kwa hiyo aliyekutangulia hakuachii uchafu wake. Sijaona njia nzuri zaidi ya kumfundisha mtu kwa mikono yake mwenyewe.

Mkuu alilitafsiri kwa Kiswahili, na alipolitafsiri aliingiza paipu ndani. Kila sehemu ilianza kwa herufi kubwa: ONYO. UKIKOSEA HAPA UTAPOTEZA KAZI YOTE. USIGUSE KITUFE CHOCHOTE KABLA HUJAAMBIWA. Na ile amri ya u, inayorudisha ulichoharibu, aliisukuma hadi mwisho kabisa, mahali ambapo wanafunzi wengi hawakuwahi kufika.

"Wakiijua mapema watakuwa wazembe," aliniambia.

Karani mmoja alikuja kipindi cha mvua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa nguvu mno. Kwao ni Rukala. Mto Nzoia ulikuwa umevunja ukingo tena, na wazazi wake walikuwa wakilala kwenye hema juu ya tuta pamoja na ng'ombe wa majirani. Yeye alikuwa ameandika karatasi za forodha kwa mkono katika ofisi moja ya klaringi pale Malaba tangu alipotoroka kwa mume wake, Busia. Sasa tajiri wake alikuwa ameleta kompyuta. Alimpa karani muda mfupi ajifunze skrini nyeusi, halafu amjaribu mwenyewe mbele ya ofisi nzima. Akishindwa, meza yake anapewa mwingine.

"Na ukishindwa?" nilimuuliza siku ya kwanza, kwa mazoea tu.

"Narudi Busia kwa bwana," alisema. "Kwetu ni maji. Nitaenda wapi?"

Aliweka mikono juu ya kibodi, nikaona vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki. Aliona nimeona.

"Mlango," alisema. "Alifunga mlango na vidole vikiwa ndani. Tuanze, mwalimu."

Alikuwa mwerevu na alisoma haraka. Ila kwenye sehemu ya kwanza ya kusahihisha alifanya jambo ambalo lilinishangaza. Mstari ulisema ng'ombe aliruka mwwezi, na chini yake ukasema ng'ombe aliruka mwezi. Hakufuta ile herufi iliyozidi. Alitafuta njia ya kuingiza maandishi, akaweka vistari mbele na nyuma ya neno lenye kosa, kama anayelifunga, akaandika neno lililo sawa kando, kisha akamalizia kwa herufi za kwanza za majina yake.

Mkuu alikuwa nyuma yake. "Mama, nani amekwambia uandike jina lako kwenye somo langu?"

"Nimesahihisha, mwalimu."

"Futa."

Akasita. Vidole vilibaki hewani juu ya kibodi, na paipu ikashuka. Sijui kama Mkuu alilenga meza. Ilitua kwenye ule mkono wa kushoto.

Karani hakulia wala hakuvuta mkono. Aliutazama tu, akamgeukia Mkuu.

"Umechelewa," alisema. "Huu ulishavunjwa."

Jirani yake, dereva mmoja mstaafu, alicheka, halafu akakohoa kuficha kicheko. Mkuu alienda kusimama dirishani akiwa ametupa mgongo, na hakurudi upande ule hadi jioni.

Nilimpelekea karani maji ya baridi kwenye chupa aishikilie juu ya ule mkono. Nikamuuliza kwa nini hakufuta.

"Karatasi ya forodha haifutwi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kitu ambacho hata mtoto anakijua. "Ukikosea unapiga mstari, unaandika sawa kando, unaweka sahihi. Ukifuta, askari wa forodha anasema umebadilisha karatasi, lori linazuiwa. Nilipoanza kazi nilipaka ile rangi nyeupe ya kufuta. Sukari ya mtu ililala hapo yadi mpaka ikalowa. Tajiri alinizaba kofi mbele ya madereva wote. Sikio likalia siku nzima. Sasa wewe unaniambia futa."

Basi nikaanza kuangalia wanafunzi wengine. Karibu kila aliyetoka ofisi za klaringi alifanya vivyo hivyo. Walifunga kosa kwa vistari, wakaandika kando, wakatia sahihi, kisha wakasubiri kupigwa. Waliotoka kwingine, wauza vitenge, mhudumu wa zahanati, dereva, walifuta bila wasiwasi. Kwa muda wote huo Mkuu alidhani makarani ni wajinga, kumbe kila mmoja alikuwa amefundishwa kwa kofi mahali fulani kwamba kilichoandikwa hakiguswi. Na sisi tulikuwa tunaongeza paipu juu ya kofi, na ndani ya somo tumeandika kwa herufi kubwa kwamba ukikosea umekwisha.

Nikaamua kulibadilisha somo. Sikumwambia Mkuu. Saa za chakula, yeye akiwa chini akila matumbo na chapati, nilikaa kwenye kompyuta ya pembeni nikafanya nakala ya faili yake. Kwanza niliondoa maonyo yote. Halafu nikatoa yule ng'ombe na mwezi wake, maana hakuna aliyejua ametoka wapi, nikaandika mistari ya mambo wanayoyaona: lori la mchele, trela lililopinduka pale kwenye kona, wanawake wa Sio Port wakigeuza omena juani. Nilipofika kwenye omena nilikawia. Niliandika zaidi ya ilivyohitajika, harufu, wale ndege weupe, shangazi yangu akiwafukuza kwa kanga, kisha nikapunguza, kwa kuwa mwanafunzi hakuja pale kusoma utoto wangu.

Kazi ngumu ilikuwa mwanzo. Somo lolote la kuanzia huanza kwa kukuonyesha jinsi ya kutembea juu ya mistari, kulia, kushoto, juu, chini. Nilitazama wale makarani wanavyotembeza alama ya skrini kwa kidole kimoja kana kwamba kibodi ni jiko la moto, nikaona kutembea siyo shida yao. Kwa hiyo somo la kwanza nililiandika hivi:

"Karibu. Hii ni nakala, na nakala nyingine zipo. Leo tunaharibu. Chini kuna mistari mizuri. Bonyeza d mara mbili. Mstari umekufa. Rudia. Ua yote. Hakuna atakayekuja. Ukimaliza, bonyeza u, moja moja, uone."

Nilimketisha karani hapo mchana mmoja Mkuu alipokwenda benki Busia. Alisoma, akanitazama.

"Niharibu?"

"Haribu."

Alifuta mstari mmoja akageuka kuangalia mlango. Akafuta wa pili. Halafu kitu kikamwingia. Alianza kupiga d kwa nguvu, kwa kidole cha mkono mzima, kibodi ikiruka mezani, mistari ikitoweka, mchele, trela, omena za shangazi yangu, hadi skrini ikabaki nyeusi yote. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Sasa u," nikamwambia.

Akabonyeza. Omena zikarudi. Akabonyeza tena, trela likarudi, mchele ukarudi, kila kitu mahali pake. Alicheka kwa sauti hadi wenzake wakaja kuangalia. Alifuta vyote tena na kuvirudisha, mara nyingi, kama anayepima kamba kabla ya kuikanyagia.

Kisha akabonyeza i, akaandika mstari wake. Sikuinama kuusoma, lakini niliona maneno mlango na vidole. Akaufuta kwa d mara mbili. Nikamkumbusha u.

"Huu ukae hukohuko," alisema, akahamia somo la pili.

Mkuu aligundua siku chache baadaye. Alisoma somo la kwanza akiwa amesimama, midomo ikitembea, kisha akanishika kola akanisukuma ukutani hadi kalenda ikaanguka.

"Nimekuajiri ufundishe watu kubomoa?"

"Ninawafundisha kurudisha."

"Umeandika ua. Umeandika hakuna atakayekuja. Mimi ni nani humu ndani?"

Alikuwa na nguvu. Nilihisi ngumi yake kooni ikikaza. Karani hakuinuka kwenye kiti chake.

"Mkuu, mwachilie mwalimu," alisema. "Kwa somo lako nilikaa sehemu ya kwanza mpaka nikaota mizizi. Kwa hili niko ya nne. Mtihani wangu ni kesho kutwa. Mtapigana nikishamaliza."

Yule dereva mstaafu aliongeza, "Hata mimi boss, niko ya tatu. Na mimi hata kusoma nasomaga kwa miwani ya mke."

Mkuu aliniachilia. Aliokota kalenda, akaipangusa kwa mkono wa shati. Alisema somo litabaki hadi karani ajaribiwe, na akishindwa mimi naondoka siku hiyohiyo. Nilikubali. Kuondoka kwangu hakukuwa tishio kubwa, nimeondoka mahali pengi. Niliyemfikiria ni karani.

Siku iliyotangulia mtihani, mume wake alikuja.

Alikuwa mtu wa boda boda, Busia. Mtu fulani wa stendi alimwambia kwamba mke wake anaonekana akipanda ngazi za duka la dawa za mifugo kila siku. Ilikuwa asubuhi na mapema, darasa limejaa. Aliingia na helmeti mkononi na hakusalimia. Karani alimwona kwanza. Niliona mabega yake yakipanda.

"Unasoma," alisema mume wake. "Umeniacha na nyumba, unakuja kusoma."

"Enda nje. Nitakuja tuongee."

"Tuongee hapa."

Nilisimama katikati yao, nikasema, "Mzee, hapa ni darasa." Helmeti ilinipiga mdomoni kabla sijamaliza. Nilianguka juu ya kiti, na nilipopapasa kwa ulimi, jino la mbele lilikuwa limelala kinywani mwangu kama punje ya mahindi. Nikaona kutoka chini viatu vyake vikimfuata karani. Aling'oa kibodi ya mezani kwake kwa nguvu, waya ukakatika, akampiga nayo begani, halafu kichwani. Vitufe vilimwagika sakafuni. Karani alijikunja juu ya mkono wake wa kulia, ule mzima, akauficha tumboni, akamwachia mgongo. Sikuelewa wakati ule. Alikuwa anauhifadhi kwa ajili ya kesho.

Mkuu alitoka nyuma ya meza yake. Nimesema mengi mabaya juu ya paipu ile, na lazima niseme pia kwamba siku hiyo niliishangilia. Ilimshukia yule mtu shingoni, mgongoni, kwenye magoti. Mkuu alipiga kama mtu aliyekuwa amesubiri miaka apate wa kumpiga bila kuulizwa. Mume alikimbilia mlangoni, akateremka zile ngazi zisizo na kishikio nusu akikimbia nusu akianguka, Mkuu nyuma yake, na ile kibodi mume bado alikuwa ameishika, waya ukining'inia.

Chini, watu wa boda boda waliona mgeni anatoka chuoni mbio na kitu cha kompyuta mkononi.

"Mwizi," mmoja alisema. Wala hakupaza sauti sana.

Nilifika dirishani nikitema damu. Walikuwa wameshamzunguka. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Mtu alimnyang'anya Mkuu paipu akaanza kuitumia. Madereva waliteremka kwenye malori, na nilimwona mmoja akifungua kisanduku cha vifaa bila haraka. Mkuu alikuwa akipunga mikono na kusema kitu, lakini walimpongeza tu, wakamsukuma kando.

Karani alinipita akateremka ngazi. Aliingia katikati ya watu wale akiwasukuma kwa viwiko. Jiwe lilimpata pajani. Akainama juu ya mtu aliyetoka kumpiga.

"Si mwizi," alisema. Hawakusikia. Akasema tena, kwa sauti iliyofika ghorofani, "Si mwizi. Ni bwana yangu. Alikuja kunipiga."

Watu walisimama. Yule mwenye spana aliishusha.

"Aa," alisema mmoja. "Kumbe ni mambo ya nyumbani."

"Mama, ungesema mapema," mwingine akamwambia kwa upole kabisa. "Sisi tulidhani ameiba."

Wakatupa mawe yao chini wakarudi kwenye pikipiki. Baada ya muda mfupi kabisa barabara ilikuwa ya kawaida, na mwanamke mmoja alirudi kupanga ndizi zake. Mume alikaa vumbini akishika bega, mfupa ukiwa umetoka mahali pake, sikio limechanika.

"Twende nyumbani," alimwambia mke wake.

"Kesho niko na mtihani," alijibu. Alimwita mwendeshaji mmoja wa boda boda, akamwambia ampeleke mume hospitali ya Busia, naye akapakiwa nyuma kama gunia. Kisha karani akaokota kibodi, akapanda nayo juu.

Nilidhani ataenda kulala. Alikaa kwenye kompyuta nyingine, kitambaa cha kichwa kikiwa na damu, akafungua somo. Mkuu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, bila paipu. Ilibaki na watu wa chini na haikuonekana tena.

"Dada, pumzika," nikasema, kwa shida, mdomo umevimba.

"Sijajua kufunga faili," alisema. "Nionyeshe kufunga."

Nilimwonyesha.

Alirudi Jumamosi. Nilimwona akipanda ngazi polepole, akichechemea kwa lile paja, nikashindwa kusoma uso wake. Alivuta kiti akatuhadithia mimi na yule dereva mstaafu.

Tajiri alikuwa amemwekea faili ya mzigo halisi, orodha ndefu ya bidhaa za mfanyabiashara wa Kampala, na makosa yaliyotiwa makusudi. Alisimama nyuma yake. Makarani wengine waliacha kazi wakaja kuangalia. Alisahihisha la kwanza, la pili, akawa anaenda vizuri, ila mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kutokana na kipigo cha jana yake, na vile vidole visivyokunjika vikaangukia vitufe asivyovitaka. Faili yote ikatoweka. Skrini nyeusi, hakuna hata mstari.

"Nikasikia tajiri anavuta pumzi," alisema. "Nilijua hiyo pumzi, mwalimu. Niliisikia siku ya sukari. Nikaona kwenye kioo cha skrini, mkono wake unapanda."

"Ukafanya nini?"

"U."

Faili ikarudi, bidhaa zote, na yale aliyokwisha kusahihisha yakiwa bado yamesahihishwa. Mkono wa tajiri ulikuwa bado juu. Alibaki nao hapo, hajui aupeleke wapi.

"Nikamwambia, boss, shusha mkono. Hakuna kitu imepotea. Nikaendelea."

"Na kazi?" aliuliza dereva, aliyekuwa ameshindwa kuvumilia.

"Jumatatu naingia saa mbili. Na funguo za ofisi amenipa mimi." Alizitoa mfukoni akaziweka mezani, tukaziangalia wote, funguo mbili kwenye uzi mwekundu. "Bwana ametuma ujumbe, ati mfupa ukipona anakuja. Nimemwambia mlinzi wa getini jinsi helmeti yake inavyofanana."

Mkuu alikuwa ametoka. Alikuwa amekwenda kununua paipu nyingine. Tangu siku ile alikuwa ameliacha somo langu liendelee, maana wanafunzi wapya walikuja wakilitaka, lakini asubuhi hiyo alikuwa amelifungua na kurudisha, juu kabisa, kwa herufi kubwa: ONYO. UKIKOSEA HAPA UTAPOTEZA KAZI YOTE.

Karani aliliona. Aliniomba nimfungulie faili yenyewe, ile ya asili ambamo nakala zote hutoka, nikamfungulia. Nilitarajia apige d mara mbili. Alijua sasa, kuliko mtu yeyote mle ndani. Lakini alibonyeza i, akaweka vistari mbele ya lile onyo na vistari nyuma yake, akalifunga vizuri, na kando akaandika: Si kweli. Bonyeza u. Halafu herufi za majina yake. Akahifadhi, akafunga faili mwenyewe, akachukua funguo zake akaondoka.

Mkuu alirudi na paipu mpya, nyeusi, bado ina maandishi meupe ya kiwandani. Alifungua kompyuta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilionyesha kitu kilekile.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

"Ametia sahihi," nikamwambia.

Aliinama karibu na skrini akazisoma zile herufi. Akafunga faili bila kufuta kitu, paipu kwapani. Kisha akaenda kumfungulia mlango mwanafunzi wa kwanza wa mchana.